Lambo la udongo juu ya nyumba yako: mama, angalia nini?

Usiku wa Mei 9, 2018, katikati ya mvua za masika, tuta la Bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka. Lilikuwa bwawa la udongo la mtu binafsi, la kuhudumia shamba. Maji na matope yalishukia makazi na kuua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto wengi.

Kwako mama wa Pugu, hili si jambo la mbali. Vilima vyetu ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, na mtu mwenye eneo bondeni anaweza kuziba kijito kwa tuta la udongo apate maji ya bustani, ng'ombe au samaki. Usidanganywe na udogo wake. Lambo la mita 30 kwa 30 lenye kina cha mita 2 limebeba tani 1,800 za maji. Swali ni moja: chini yake analala nani?

Adui mkubwa wa tuta la udongo ni maji kupita juu yake. Ndiyo maana lambo lazima liwe na utoro, yaani njia ya pembeni ya kutoa maji yanayozidi. Ukiona utoro umeziba kwa takataka, au mwenye lambo ameupandishia viroba vya mchanga ili avune maji zaidi, hiyo ni hatari hata kama jua linawaka. Tazama pia upande wa chini wa tuta. Unyevu kidogo wenye maji meupe ni wa kufuatilia. Maji yakianza kutoka na matope, udongo wa ndani unachukuliwa, na tuta linaweza kubomoka ndani ya saa chache. Hapo usisubiri kikao cha mtaa. Beba watoto, pandeni mwinuko mbali na mkondo, waamsheni majirani, kisha piga Zimamoto 114.

Nyufa, mashimo ya panya na miti mikubwa juu ya tuta havihitaji kukimbia usiku, ila vinahitaji kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Muulize kama lambo lina kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuziba mto kwa sababu tu ardhi ni yake.

Lambo zima nalo lina yake. Kingo zake huteleza, na mtoto mdogo huzama kimya kimya, bila kupiga kelele. Konokono wa maji yaliyotuama huweza kueneza kichocho, hivyo mtoto aliyezoea kuogelea humo akikojoa damu, mpeleke kituo cha afya. Mwombeni mwenye lambo aweke uzio, hata wa miti, kabla ya shule kufungwa.