Beki wa benchi: timu iamue mapema

Kikula, Panda, Shituru na hata katikati ya mji wa Likasi, mabishano ya mpira hayakosi siku. Kila dirisha la uhamisho likifunguliwa, swali linarudi lile lile: beki ambaye kocha hamchezeshi, auzwe ao abakie? Wapenzi wa US Panda, wa Mazembe na wa Lupopo hawasikilizani kwa mambo mengi, lakini kwa hili wote wanagawanyika namna moja. Wengine wanasema mchezaji wa benchi anakula mshahara bure, basi aende. Wengine wanajibu kwamba beki hauzwi haraka: siku wawili wakiumia na wa tatu akipewa kadi nyekundu, timu itamtafuta na haitamuona.

Pande zote mbili zina sababu. Ila mara nyingi zinasahau kitu kimoja: mkataba una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haingojei mtu.

Mfano uko karibu, tena ni wa nahodha wa Leopards, Chancel Mbemba. Mwaka 2022 alitoka FC Porto, ambako alikuwa amechukua ubingwa wa Ureno mara mbili, akaingia Marseille kwa mkataba wa miaka mitatu. Misimu miwili ya kwanza alicheza sana. Kufika majira ya joto ya mwaka 2024, viongozi wapya wa michezo wakamweka pembeni. Msimu wote wa 2024-2025 hakucheza hata mechi moja ya mashindano kwa timu ile. Hakuuzwa, hakukopeshwa, hakuchezeshwa. Mkataba ukaisha mwaka 2025, naye akaenda Lille bila timu yake ya zamani kupata hata euro moja ya uhamisho.

Je, alikuwa amekwisha kimpira? Tarehe 13 Novemba 2025, kule Rabat, ni yeye aliyefunga bao pekee dhidi ya Kameruni katika dakika za nyongeza. Siku tatu kisha, dhidi ya Nigeria, mechi iliisha 1-1, na ni yeye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Kongo ushindi wa 4-3. Nchi ambayo wakati ule ilikuwa imecheza Kombe la Dunia mara ya mwisho mwaka 1974, ikiitwa Zaïre, ilibaki katika njia ya kurudi huko kwa mguu wa beki aliyekuwa amekaa mwaka mzima bila mechi ya klabu.

Wanaotaka beki abakishwe wanaweza kusema: munaona, mchezaji mzuri hatupwi. Wanaotaka auzwe wanaweza kusema: munaona, timu ilipoteza makuta. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana kesi hii inafundisha. Kuuza kungeweza kuwa sawa, na kumchezesha pia. Kilichokuwa kibaya kwa kila upande ni kukaa katikati. Timu ililipa mshahara bila kupata kazi. Mchezaji alipoteza mwaka wa mguu wake, na mwaka wa mchezaji haurudi.

Kuna hasara ya tatu ambayo mashabiki wa Likasi wanapaswa kuiangalia zaidi, kwa sababu inagusa timu ndogo za nyumbani. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, 5% ya bei inagawiwa timu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 unaleta 0,25% ya bei. Kila mwaka kati ya 16 na 23 unaleta 0,5%. Timu ya mtaani iliyomlea kijana akiwa na miaka 16, 17 na 18 ina haki ya 1,5%. Akiuzwa siku moja kwa dola 1.000.000, hiyo ni dola 15.000. Kwa timu inayohangaika kununua mipira na kulipa usafiri wa kwenda Lubumbashi, kilomita karibu 120, hayo si makuta madogo.

Lakini mchezaji akiondoka bure mkataba ukiisha, bei ni sifuri, na sehemu ya bei ya sifuri ni sifuri. Basi beki anayeachwa benchi mpaka mwisho wa mkataba hapotezei faida timu yake peke yake. Anakatia mgao pia wale waliomfundisha kupiga mpira bila viatu.

Haki hiyo inataka makaratasi. Tangu Novemba 2022, FIFA inapitisha malipo haya kwenye ofisi yake ya malipo, ikifuata pasipoti ya elektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo inajengwa na yale yaliyoandikishwa katika shirikisho, kwetu FECOFA. Timu isiyoandikisha vijana wake, ao inayowachezesha kwa jina la mwingine, inajifungia mlango yenyewe. Hata kijana awe nyota Ulaya, jina la timu halitaonekana.

Mchezaji naye si mashine inayolala hangari ikipata kutu. Sheria zinamlinda pia. Miezi sita ya mwisho ya mkataba, ana ruhusa ya kusaini na timu ingine. Na mchezaji wa kulipwa aliyekwisha kukomaa, akicheza chini ya 10% ya mechi rasmi za msimu, anaweza kuomba kuvunja mkataba kwa sababu ya kimichezo, ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya timu yake. Kiongozi anayefikiri kwamba kumficha beki benchi ni kumweka akiba, ajue kwamba akiba hiyo ina miguu.

Kwa hiyo, katika mabishano ya Likasi, jibu lililo sawa si "auzwe" wala "abakie". Jibu ni kwamba kamati iamue mkataba ungali na mwaka mmoja ao zaidi. Kocha aseme waziwazi kama anamhitaji. Kama anamhitaji, ampe mechi na timu imwongezee mkataba. Kama bado ni kijana, akopeshwe kwa timu atakayocheza kila wiki. Kama hana nafasi tena, auzwe wakati angali na bei, na mkataba wa mauzo uandikwe vizuri, pamoja na sehemu ya bei kama atauzwa tena.

Mashabiki wana kazi yao pia. Kupiga kelele juu ya beki siku timu imepoteza ni rahisi. Lenye faida zaidi ni kuuliza viongozi maswali mawili msimu ukianza: mikataba ya wachezaji inaisha lini, na vijana wote wameandikishwa? Timu inayoweza kujibu hayo haitashangazwa na beki anayeondoka mikono mitupu.