Uji wa Mrija

Mtu aliyepasuliwa taya, akafungwa meno ya juu na ya chini kwa nyaya, hukaa wiki 4 hata 6 akila kwa mrija. Na iwapo amejaaliwa kuishi Kitengela, ambako kila jioni moshi wa nyama choma huvuka barabara ya Namanga na kumwingilia dirishani bila hodi, basi mtihani wake ni maradufu.

Jirani yangu, aliyeanguka na bodaboda (kofia aliiacha nyumbani), alikuwa katika hali hiyo. Sahibu zake wa Kajiado walimletea kibuyu cha maziwa mgando, wakamkuta ameandika kwenye kibao: "Karibuni, nimefunga, na futari i mbali." Wakaangua kicheko, naye akacheka kwa mabega, machozi yakimlengalenga, huku mkasi wa kukatia nyaya, ambao sharti uwe karibu asije akatapika akapaliwa, ukining'inia shingoni mfano wa hirizi.

Tabibu huunga mfupa, hilo halina shaka. Lakini moyo huungwa na kicheko, na mgeni mwenye uso wa tanzia, nionavyo mimi, heri asije kabisa. Ewe uendaye kumzuru mgonjwa wa namna hii, uchuje uji vyema, uulize maswali ya kujibiwa kwa kichwa, na nyama yako uile kwako.