Nani Apite Kwanza?

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ililipa hongo. Mtemi aliyeishika njia alidai nguo, shanga au nyaya za shaba, na asiyelipa hakupita. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, hata Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Siisifu hongo. Nasema tu kwamba kila msafara ulimjua aliyeuzuia, ukajua pa kwenda kubishana naye.

Hongo ya leo haina pa kubishia. Taasisi moja ya elimu ninayoifahamu iliwaingiza watu wake wote katika laini moja ya intaneti. Muhula ulipokaribia kwisha, wanafunzi walishindwa kutuma tasnifu zao. Wakaja huku Cheyo kununua bando kwa fedha ya chakula. Waliambiwa mtandao unasumbua. Kumbe ofisi za utawala zilikuwa zimepangwa katika daraja la kwanza, na madarasa katika daraja la mwisho. Hakuna kikao kilichopitisha mpango huo. Mtu mmoja aliagiza, mwingine akabofya, sote tukanyamaza.

Naambiwa kwamba hilo ni suala la kiufundi, tuwaachie mafundi. Nakataa. Fundi anajua jinsi foleni inavyokwenda: njia ikiwa nyeupe, kipaumbele hakimdhuru mtu, ikijaa, pakiti za daraja la juu hupita kwanza, na za chini husubiri hata zikatupwa. Lakini ni nani astahili daraja la juu? Hilo ni swali la haki, na fundi hana mamlaka ya kulijibu peke yake.

Naambiwa pia kwamba wanafunzi hutazama mpira. Kweli wapo, na maofisini nako wapo. Basi tupime matumizi, tuache kupima vyeo. Maongezi ya sauti na mihadhara ya moja kwa moja havivumilii kuchelewa; vitangulie. Mafaili mazito na masasisho ya kompyuta yasubiri usiku wa manane. Kisha kila mtumiaji awekewe kiwango cha chini ambacho hakuna mkubwa awezaye kumnyang'anya.

Wala jambo hili haliishii chuoni. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, mawasiliano ya nchi yetu yalibanwa katika njia chache zilizosalia. Siku kama zile lazima mtu aamue kipi kitangulie: hospitali, benki au sinema. Je, wewe msomaji uliwahi kuulizwa? Nchini India, mamlaka ya mawasiliano ilikusanya kwanza maoni ya wananchi, kisha Februari 2016 ikazikataza kampuni kutoza bei tofauti za data kwa kufuata maudhui. Mtu anaweza kuupinga uamuzi ule, kwa kuwa uliandikwa na sababu zake zinasomeka.

Ninachodai ni kidogo. Kila taasisi inayogawa mtandao kwa umma iandike kanuni ya vipaumbele vyake katika ukurasa mmoja, iibandike ubaoni, na aliyeamua atie saini. Kirangozi wa msafara alitangulia mbele, wapagazi wote wakimwona. Anayetupanga foleni leo naye ajitokeze, tumuulize.