Mkeka Uliochanika kwa Mechi Moja

Kamari imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Matabibu nao, mwaka 2019, kupitia Shirika la Afya Duniani, waliidhinisha orodha mpya ya maradhi inayoutambua uraibu wa kamari na wa michezo ya kompyuta. Watafiti wamebaini kwamba kukosa kidogo, yaani mkeka kuchanika kwa mechi moja, humchochea mchezaji arudie. Ulevi huu hauna harufu: fedha za alizeti za familia ya Ulemo, zikiwa kwenye simu, zaweza kuteketea usiku mmoja na jirani asijue. Wazazi, tunawasihi: kijana aliyenaswa msimpige, wala msimlipie madeni kimyakimya. Akiba aishike mama, naye apelekwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.