Mwacheni Apumue Kwanza

Dada zetu, sisi mafundi wa Tunduma huona gauni linampwaya mtu kabla maneno hayajafika. Mwanamke kaenda Mloganzila, Dar es Salaam, kapasuliwa kupunguza uzito. Mwezi wa tatu tu wifi anauliza, "Mbona kimya? Si mwili ushapungua?"

Tunakataa. Madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Uzito bado unashuka kwa kasi, anakula vijiko vichache. Mtoto atakula nini? Na ajabu yake, hapo ndipo mimba hushika upesi, hata kwa ambaye hedhi ilikuwa ikimpotea. Waliobadilishiwa njia ya chakula, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vya kutosha mwilini. Aulizie kijiti au kitanzi. (Na hilo mama mkwe halimhusu.)

Mimba ikiingia, asimfiche nesi wa kliniki kwamba alipasuliwa. Damu ipimwe, madini ya chuma, foliki asidi na vitamini B12 vifuatiliwe. Aibu ya nini?

Nanyi waume mliolipa gharama, nendeni wenyewe mkamsikilize daktari, msimtume mama kuja kuhesabu miezi.