WATABIBU WA NAFSI NAO WASOME

Kila litokeapo janga, sauti hupazwa kwamba wataalamu wa saikolojia wapelekwe haraka kwa walionusurika. Sauti hiyo tunaiunga mkono. Lakini Visiwa vyetu, vilivyopatwa na msiba wa Spice Islander mwezi Septemba 2011 na wa Skagit mwezi Julai 2012, vina haki ya kuuliza: wakishafika, watafanya nini?

Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell alieleza njia ya kuwaketisha wazima moto na waokoaji, muda mfupi baada ya tukio, wasimulie kwa utaratibu maalumu waliyoyaona na kuyahisi. Njia hiyo ikaenea, ikatumiwa hata kwa majeruhi wenyewe. Nani angeipinga? Kutua mzigo wa moyo ni jambo wanalolijua hata bibi zetu. Watabibu waliona watu wakiondoka na shukrani, wakaridhika.

Kumbe shukrani si kipimo. Nchini Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 uliwagawa kwa kura watu walioungua moto. Baadhi wakapewa huduma hiyo, wengine wasipewe. Baada ya miezi 13, waliopewa walikuwa na maradhi ya kiwewe 26 katika kila 100, wenzao 9. Ni kweli kwamba kundi la kwanza liliungua zaidi tangu mwanzo, na hapo ndipo penye hoja yetu. Asiyefundishwa utafiti ama ataimeza tarakimu hiyo nzima nzima, ama ataitupa. Aliyefundishwa atatafuta chunguzi nyingine, naye atakuta kwamba zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha faida, na kwamba Shirika la Afya Duniani haliishauri njia hiyo. Linashauri usalama kwanza, mahitaji, kuunganishwa na jamaa, na kusikilizwa bila ya kushurutishwa kusema.

Aliyehitimu kabla ya hayo kujulikana, na asisome tena, angali akiwashurutisha watu kusema, tena kwa nia njema kabisa.

Majarida si kisingizio. Mpango wa Hinari wa Shirika hilo, ulioanza mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kuyasoma bure au kwa ada ndogo. Tunachoiomba Wizara inayohusika ni saa: kila mtaalamu wa saikolojia atengewe, ndani ya saa za kazi, wakati wa kusoma na wa kuwafuatilia aliowatibu baada ya miezi sita, na matokeo yaandikwe, mabaya pamoja na mazuri.