Chuo Kinachofanana na Mlimani



Wapendwa wanaparokia, juma lililopita alifika ofisini mzee mmoja wa jumuiya zetu akiwa na binti yake aliyehitimu kidato cha sita. Binti aliomba kusoma mambo ya wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani kama tulivyozoea kukiita. Hakupata nafasi. Amechaguliwa kusomea wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mzee hataki. Anasema heri mwanawe akae nyumbani mwaka mzima aombe upya, au nimsaidie kutafuta chuo kingine "chenye jina kama Mlimani."

Nilimwuliza: kifanane na Mlimani kwa lipi? Swali hilo halikumpendeza, lakini sikulirudisha nyuma.

Tunasahau upesi kwamba Mlimani penyewe palianza bila jina. Mwaka 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikifundisha sheria tu katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Na huko Morogoro je? Kitivo cha Kilimo kilichoanza mwaka 1969 kilikuwa cha Mlimani huohuo! Mwaka 1984 kitivo hicho kilifanywa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili mwaka huo. Muhimbili na Ardhi nazo zilikuwa chini ya Mlimani kabla ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Mzee wetu, basi, anamkataa mtoto huku akimsifu mzazi wake.

Binti alikuwa kimya muda wote. Nilipomwuliza alichokipenda Mlimani, alianza kwa kutaja hadhi, kama baba yake. Nikauliza tena. Ndipo akasema anataka kufanya kazi hifadhini, na kwamba hajawahi kumwona tembo ila katika picha. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Chuo cha Sokoine kiko chini ya milima ya Uluguru. Hifadhi ya Mikumi iko katika barabara ya Iringa, mkoa huohuo. Na msitu wa Mazumbai, kule Lushoto, ni mali ya chuo hicho. Kwa mtu atakaye kusomea wanyamapori, haya yana uzito kuliko geti analolijua jirani.

Sisemi kwamba jina halina kazi. Mwajiri hulitazama, nasi tusijidanganye. Lakini atafutaye chuo kinacholingana na kile alichokikosa aulize kwanza kama Tume ya Vyuo Vikuu inaitambua programu yenyewe, ni nani wanaofundisha, mafunzo ya vitendo hufanyika wapi, na waliohitimu wako kazini wapi. Aulize pia habari za mkopo na malazi, maana wapo wanaoanza masomo katika chuo chenye sifa wakashindwa kuendelea kwa kukosa ada. Na anayeshawishiwa na mawakala wa vyuo vya ng'ambo aulize hayo yote mara mbili.

Mimi nami, nilipokuwa frateri, nilitamani kupelekwa Roma. Sikupelekwa. Nilinuna karibu muhula mzima, na muhula ule sikujifunza lolote.

Kinachonihuzunisha ni ule mwaka wa kukaa nyumbani. Baba anauona kama subira. Binti ndiye atakayeulizwa kila Jumapili nje ya kanisa, "Bado upo?"

Siku za kuthibitisha nafasi zimebaki chache. Nimemwomba mzee asiamue kabla hajaenda Morogoro kujionea kwa macho yake. Hakuniahidi. Jana jioni, hata hivyo, binti alikuja kuniuliza nauli ya basi ni kiasi gani.